Mmeng'enyo wa Chakula na Safari ya Maji Tumboni

Neno "tumbo" katika Kiswahili hubeba mzigo mkubwa. Mgonjwa anayesema tumbo linamuuma huenda anazungumzia mfuko unaopokea chakula, utumbo, kibofu cha mkojo au hata mfuko wa uzazi. Na ndugu waliozaliwa na mama mmoja husemwa kuwa ni wa tumbo moja. Ukarimu huo wa lugha hauna madhara katika mazungumzo ya kawaida. Hata hivyo, katika elimu ya afya huficha jambo moja la msingi, nalo ni kwamba chakula kilichomezwa bado hakijaingia mwilini. Mfereji wa chakula ni bomba refu lililo wazi pande zote mbili, kuanzia mdomoni hadi kwenye njia ya haja kubwa, na kilichomo ndani ya bomba hilo, kwa maana ya kitaalamu, kingali nje ya mwili. Tonge la ugali huhesabiwa kuwa limeingia mwilini pale tu viini vyake vinapovuka ukuta wa utumbo na kuifikia damu. Kazi yote ya mmeng'enyo ni maandalizi ya kuvuka huko.

Maandalizi hayo yanahitaji maji mengi kuliko watu wengi wanavyodhani. Ili kukivunja chakula, mwili humimina ndani ya bomba hilo lita kadhaa za maji yake wenyewe kila siku, kisha huyarudisha karibu yote kabla ya siku kwisha. Mtu mwenye afya hahisi lolote. Mzunguko huo unapovunjika ndipo mtoto aliyekuwa akicheza asubuhi huweza kuwa hoi jioni, macho yamedidimia na ngozi imekosa uhai. Makala haya yanafuata safari ya chakula ili kueleza jinsi maji hayo yanavyomiminwa na kurudishwa, na kwa nini mchanganyiko wa kawaida kabisa wa maji, sukari na chumvi huweza kumrudisha mgonjwa wa kipindupindu kutoka ukingoni mwa kaburi.

Safari huanzia mdomoni. Meno hukata na kusaga, na tezi za mate humimina kati ya lita 1 na lita 1.5 kwa siku. Ndani ya mate mna kimeng'enya kiitwacho amilesi, ambacho huanza kuvunja wanga. Yeyote anaweza kuthibitisha hilo: kipande cha ugali au mkate kikitafunwa kwa muda mrefu bila kumezwa, huanza kuwa na utamu, kwa sababu wanga umeanza kugeuka kuwa sukari. Baada ya hapo tonge husukumwa nyuma ya koo, njia ya hewa hujifunika, na umio, bomba la misuli lenye urefu wa sentimita 25 hivi kwa mtu mzima, hulipokea. Tonge haliporomoki tu kwa uzito wake. Misuli ya umio hujikunja nyuma ya tonge na kulegea mbele yake, wimbi baada ya wimbi, kiasi kwamba mtu huweza kumeza hata akiwa kichwa chini miguu juu.

Mfuko wa tumbo hupewa sifa nyingi, pengine kuliko unavyostahili. Hupokea chakula, hukikoroga, hukiweka katika asidi kali na kukiachia kidogo kidogo. Uji hupita upesi; pilau lenye mafuta mengi hukaa kwa saa kadhaa, kwa kuwa mafuta yanapofika mwanzoni mwa utumbo hutuma taarifa za kulituliza tumbo lisifanye haraka. Kimeng'enya pepsini huanza kuvunja protini za nyama, samaki na maharage. Ute mzito hukinga ukuta wa tumbo usimeng'enywe na asidi yake wenyewe. Pamoja na hayo yote, wagonjwa walioondolewa tumbo lote kwa upasuaji huendelea kuishi kwa miaka mingi, mradi wale kidogo kidogo na wapewe vitamini B12 kwa sindano, kwa kuwa tumbo ndilo linalotengeneza kiini kinachowezesha vitamini hiyo kufyonzwa. Hakuna awezaye kuishi bila utumbo mwembamba isipokuwa kwa kulishwa kupitia mshipa wa damu.

Mengi kati ya haya yalianza kujulikana kwa ajali. Mwezi Juni 1822, katika kisiwa cha Mackinac huko Marekani, kijana mmoja aliyeitwa Alexis St. Martin alipigwa risasi ya bunduki kwa bahati mbaya. Alipona, lakini jeraha liliacha tundu lililofunguka moja kwa moja hadi ndani ya tumbo lake. Daktari wa jeshi William Beaumont, aliyemtibu, aliteremsha vipande vya nyama na mboga vilivyofungwa kwa uzi kupitia tundu hilo, akavivuta baada ya saa kadhaa na kuandika alichokiona. Kitabu chake cha mwaka 1833 kilionyesha kuwa kuvunjwa kwa chakula tumboni si kusagwa tu, bali ni kazi ya kikemia inayofanywa na majimaji ya tumbo, hata yakiwekwa ndani ya chupa. Swali la kama mgonjwa huyo alitendewa haki bado huulizwa katika madarasa ya maadili ya utabibu, na ni haki liulizwe.

Asidi ya tumbo ina kazi nyingine inayohusu moja kwa moja mada hii. Ni mlinzi wa lango. Vimelea vingi vinavyomezwa pamoja na chakula au maji hufia humo. Bakteria wa kipindupindu hawaipendi kabisa asidi, na kwa mtu mwenye tumbo la kawaida inabidi wamezwe kwa wingi sana ndipo wachache wavuke salama. Mtu ambaye asidi yake imepungua, kwa ugonjwa au kwa dawa za kupunguza asidi, huhitaji bakteria wachache zaidi ili augue.

Kutoka tumboni chakula, ambacho sasa ni rojo chachu, huingia utumbo mwembamba. Sehemu yake ya kwanza, duodeni, ilipewa jina kutokana na namba kumi na mbili katika Kilatini, kwa kuwa wataalamu wa kale walikadiria urefu wake kwa upana wa vidole kumi na viwili. Hapo viungo viwili humimina majimaji yao. Kongosho hutoa takribani lita 1.5 kwa siku za maji yenye bikaboneti, yanayoua ukali wa asidi, pamoja na vimeng'enya vya wanga, protini na mafuta. Ini hutoa nyongo, ambayo huhifadhiwa katika mfuko wake na kuachiliwa mtu anapokula mafuta. Nyongo haivunji mafuta. Hufanya kazi kama sabuni kwenye sahani yenye mafuta ya samaki, ikiyatawanya matone makubwa kuwa madogo ili vimeng'enya vipate pa kushika. Mwili hautupi sabuni hiyo baada ya matumizi. Sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba huokota takribani asilimia 95 ya chumvi za nyongo na kuzirudisha kwenye ini zitumike tena.

Mwishoni mwa kazi hiyo, wanga umekuwa sukari rahisi kama glukosi, protini zimekuwa asidi za amino, na mafuta yamekuwa asidi za mafuta. Sasa viini hivi ni vidogo kiasi cha kuvuka ukuta. Ukuta wenyewe umekunjwa mara tatu: kuna mikunjo mikubwa inayoonekana kwa macho, juu ya mikunjo hiyo kuna vijidole vidogo mno vilivyosongamana kama nyuzi za taulo, na juu ya kila seli ya kijidole kuna vinyweleo visivyoonekana ila kwa darubini yenye nguvu. Vitabu vya zamani vilifananisha eneo lote hilo na uwanja wa tenisi. Vipimo vilivyochapishwa na watafiti wa Sweden mwaka 2014 viliukata uwanja huo kwa kiasi kikubwa, hadi mita za mraba 30 hivi, ambalo ni eneo la chumba kikubwa cha nyumba ya kawaida. Hata hivyo, ni ukuta mwembamba wa safu moja tu ya seli, na seli hizo huishi siku tatu hadi tano kisha hupukutika na kuachia nyingine nafasi.

Hapa ndipo inapofaa kufanya hesabu ya maji. Mtu mzima hunywa na kula takribani lita 2 za maji kwa siku. Juu ya hizo, mwili huongeza mate lita 1.5, majimaji ya tumbo lita 2, nyongo nusu lita hadi lita moja, majimaji ya kongosho lita 1.5, na majimaji ya utumbo wenyewe lita moja au zaidi. Jumla hukaribia lita 8 au 9, yaani karibu ndoo ndogo ya lita kumi, hupita tumboni kila siku. Katika hizo, zinazotoka na haja kubwa ni mililita 100 hadi 200 tu, chini ya kikombe kimoja cha chai. Sehemu kubwa ya maji yanayopita utumboni, basi, si yale yaliyonywewa. Ni maji ya damu, yaliyoazimwa kwa saa chache.

Utumbo huyarudishaje? Seli zake hazina pampu ya maji. Zina pampu ya chumvi, na maji hufuata chumvi popote iendapo. Sodiamu, ambayo ndiyo sehemu muhimu ya chumvi ya mezani, ina njia kadhaa za kuingia katika seli za utumbo. Mojawapo ni ya ajabu. Ni mlango ambao haufunguki kwa sodiamu peke yake wala kwa glukosi peke yake. Hufunguka zinapofika zote mbili, chembe moja ya glukosi pamoja na chembe mbili za sodiamu, kama kivuko kisichong'oa nanga hadi abiria wa aina zote mbili wapande. Zikivuka, maji huvuka nyuma yao. Robert Crane, mwanabaiokemia wa Marekani, alieleza wazo hilo mbele ya wanasayansi wenzake mjini Prague mwaka 1960. Wakati huo lilionekana kuwa jambo la maabara tu.

Kipindupindu kililitoa maabara. Bakteria wake hawatoboi ukuta wa utumbo wala kuingia katika damu. Hukaa juu ya ukuta na kutoa sumu inayoingia ndani ya seli na kuziamuru zimwage kloridi bila kikomo. Sodiamu huifuata kloridi, na maji hufuata zote. Wakati huohuo sumu hiyo hufunga njia ya kawaida ambayo chumvi hutumia kurudi mwilini. Mgonjwa mzito huweza kupoteza hadi lita moja kwa saa ya choo kinachofanana na maji yaliyooshewa mchele, na asipotibiwa huweza kufa ndani ya saa chache, damu ikiwa imekuwa nzito na haina tena ujazo wa kuendesha moyo na figo. Lakini ule mlango wa glukosi na sodiamu hauguswi na sumu. Hubaki mzima hata katika kilele cha ugonjwa. Mtu akipewa maji yenye chumvi pekee, mengi hupita na kutoka. Akipewa maji yenye chumvi na glukosi kwa uwiano unaofaa, mlango hufunguka na maji huingia, ingawa bomba la kumwaga halijafungwa bado.

Mwaka 1968, mjini Dhaka, David Nalin na Richard Cash pamoja na wenzao walionyesha kuwa wagonjwa wa kipindupindu walionywa mchanganyiko huo walihitaji dripu kidogo mno kuliko waliotegemea dripu pekee, pungufu kwa takribani asilimia 80. Jaribio kubwa zaidi halikupangwa na mtu. Mwaka 1971, vita vilipowafukuza mamilioni ya watu kutoka nchi ambayo sasa ni Bangladesh, kipindupindu kililipuka katika kambi za wakimbizi upande wa India. Katika mji wa Bangaon, dripu zilikwisha. Daktari Dilip Mahalanabis aliamua kuchanganya chumvi na glukosi katika maji na kuyagawa kwenye madumu, huku ndugu wa wagonjwa wakiwanywesha kwa vikombe. Vifo, vilivyokuwa vikikaribia watu 30 katika kila wagonjwa 100, vilishuka hadi chini ya 4. Mambo mawili yalithibitishwa kwa pamoja: kwamba fiziolojia ya Crane ilikuwa sahihi, na kwamba mama mwenye kikombe anaweza kuifanya kazi ambayo ilidhaniwa kuwa ya daktari mwenye sindano.

Pwani ya Afrika Mashariki ina kila sababu ya kuijua historia hiyo. James Christie, daktari Mskoti aliyefanya kazi Zanzibar, aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1876 kuhusu milipuko ya kipindupindu katika ukanda huu, ukiwemo ule uliofika Unguja mwishoni mwa mwaka 1869, na akaeleza jinsi ugonjwa ulivyosafiri na misafara ya biashara kutoka bara hadi pwani. Wakati huo hapakuwa na cha kuwapa wagonjwa. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 na kuenea katika mikoa mingi uliukuta ufumbuzi tayari ukiwa katika pakiti ndogo ya karatasi, inayouzwa katika karibu kila duka la dawa.

Mchanganyiko unaopendekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2002 una gramu 13.5 za glukosi na gramu 2.6 za chumvi ya mezani kwa lita moja ya maji, pamoja na potasiamu na sitreti. Vipimo hivyo si vya kukisia. Sukari ikizidi, kama ilivyo katika soda na juisi za kopo, hubaki ndani ya utumbo na kuyavuta maji kutoka kwenye damu, na kuhara huongezeka. Chumvi ikizidi ni hatari zaidi, hasa kwa mtoto mchanga. Ndiyo maana pakiti huyeyushwa katika kiasi kamili cha maji safi kilichoandikwa juu yake, si katika glasi moja "ili iwe na nguvu", na kinachobaki baada ya saa 24 humwagwa. Pasipo na pakiti, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, katika lita moja ya maji safi hufaa kwa muda wa kutafuta pakiti. Ladha isizidi uchumvi wa machozi.

Kwa watoto wadogo kuhara mara nyingi hakutokani na kipindupindu bali na virusi, na virusi vya rota ndivyo vilivyojulikana kwa ukali zaidi. Chanjo yake ilianza kutolewa katika utaratibu wa kawaida nchini Tanzania mwaka 2013. Virusi hivi huharibu ncha za vile vijidole vya utumbo. Uwezo wa kufyonza hupungua, lakini hauishi, na seli mpya hupanda kutoka chini ndani ya siku chache.

Katika nyumba nyingi mtoto anayehara hunyimwa chakula, na wakati mwingine hata maji na ziwa la mama, ili "tumbo lipumzike". Wazo hilo lina mantiki yake: mtoto akinywa, hujisaidia muda mfupi baadaye, na mzazi huona kinywaji kimepita moja kwa moja. Kilichotoka sicho kilichonywewa. Tumbo linapojaa huuamsha utumbo mpana usukume kilichokuwemo tayari, nacho ni maji yaliyokwisha kumwagwa kabla. Zaidi ya hayo, seli za utumbo hujilisha kwa sehemu kutokana na chakula kinachopita juu yake, hivyo kumnyima mtoto chakula ni kuzinyima seli mpya zinazojaribu kuuziba ukuta. Mtoto aendelee kunyonya na kula. Aliye chini ya miaka miwili hupewa mililita 50 hadi 100 za mchanganyiko kila baada ya choo cha majimaji. Wa miaka miwili na kuendelea, mililita 100 hadi 200. Akitapika, husubiriwa dakika kumi, kisha hupewa tena polepole kwa kijiko. Madini ya zinki, miligramu 20 kwa siku kwa mtoto aliyetimiza miezi sita na miligramu 10 kwa aliye chini ya hapo, hutolewa kwa siku 10 hadi 14, kwani husaidia ukuta wa utumbo kupona na hufupisha ugonjwa.

Wazazi hukata tamaa mapema kwa sababu hupima kitu kisichofaa kupimwa. Mchanganyiko huu haukusudiwi kusimamisha choo siku ya kwanza. Kinachopaswa kuangaliwa ni mkojo, machozi, unyevu wa mdomo na uchangamfu wa mtoto. Mtoto anayeendelea kuhara huku akikojoa na kucheza anashinda. Mtoto ambaye choo kimepungua lakini amelegea, hanywi, macho yamedidimia na ngozi ya tumbo ikivutwa hurudi polepole, anahitaji kufikishwa kituo cha afya bila kuchelewa, na vivyo hivyo aliye na damu katika choo. Dripu haijapoteza nafasi yake: aliyepoteza fahamu hawezi kunyweshwa.

Kinachobaki baada ya utumbo mwembamba kumaliza kazi, yaani lita 1.5 hivi za majimaji na makapi, huingia utumbo mpana. Hapa hakuna vijidole wala vimeng'enya vingi. Kuna bakteria wasiohesabika, wakaaji halali wa mahali hapo, ambao hula nyuzinyuzi na wanga ulioponyoka na kuzalisha asidi fupi za mafuta. Asidi hizo ni chakula kikuu cha seli za utumbo mpana, na zinapofyonzwa huvuta sodiamu na maji pamoja nazo. Kwa kawaida utumbo mpana hurudisha zaidi ya lita moja kwa siku. Ukilazimika huweza kufikia lita 4 au 5, na ndiyo sababu hitilafu ndogo za utumbo mwembamba hupita bila mtu kujua. Watafiti wa Bangladesh walitumia uwezo huo mwaka 2001, walipowapa watoto wenye kuhara kwa muda mrefu wali uliochanganywa na ndizi mbichi zilizopikwa. Wanga wa ndizi mbichi huponyoka vimeng'enya kwa wingi na kuwafikia bakteria wa utumbo mpana. Watoto hao walipona haraka kuliko waliopewa wali mtupu. Kwa familia za Bukoba, Moshi na Rungwe, ambako ndizi za kupika ni chakula cha kila siku, ni chakula kinachoweza kuendelea kuwamo katika sahani ya mtoto mgonjwa aliyeanza kula vyakula vigumu, kikiwa kimepondwa laini, na kikombe cha mchanganyiko wa chumvi na sukari kikiwa kando yake.